Nahodha Bila Baharia: Maneno Machache Juu ya Kayaki na Wenye Kayaki

Maneno haya niliyasema jioni moja ufukweni hapa Lamu, mbele ya wazee, wavuvi na wenye kayaki, vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja vya kupiga kafi. Vijana wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka kinywani, ila wahusika nimewaficha, maana wengine wana wake na wengine wana madeni.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zetu mlioketi kule nyuma, manahodha, mafundi wa majahazi kutoka Matondoni ambao mmekuja kwa ajili ya halua na kahawa na wala hamfichi, vijana, na nyinyi wenye kayaki mliovaa laifujaketi mpaka kwenye kikao cha nchi kavu: karibuni nyote.

Waandalizi walinipa mada ndefu, "Kayaki na Maendeleo ya Pwani". Nikawaambia maendeleo nawaachia wanasiasa, mimi nipeni kayaki. Basi nitasema nilichokiona, na anayejiona ndani ya maneno yangu asinyanyuke, tutamjua.

Zamani, na si zamani ya mababu, ukiona kayaki Lamu ulijua ni ya hoteli. Ilikuwa imelazwa mchangani Shela, au ng'ambo kule Manda, ya manjano au nyekundu, na mgeni yuko ndani yake anazunguka palepale hajui kwa nini haendi mbele. Sisi tulikaa ukutani tukamtazama. Ilikuwa burudani ya bure baada ya Alasiri. Leo ndugu zangu, anayezunguka palepale ni mtoto wa Langoni. Na wanaotazama ni wageni.

Kayaki zimeingia majumbani. Nyingine zilianza kwa mgeni aliyeondoka akaacha chake, nyingine zimekuja juu ya lori mpaka Mokowe zikavushwa kwa mashua, jambo ambalo lenyewe ni la kutafakari: chombo cha baharini kuja Lamu kikiwa abiria wa chombo kingine, na kulipiwa nauli. Wala si sisi peke yetu tuliopatwa. Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, watu wa Marekani na Ulaya walizikimbilia kayaki mpaka madukani zikaadimika. Watu waliambiwa wasikaribiane, wakatafuta chombo ambacho hata ukitaka kukaribiana na mtu hutaweza. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalonisumbua.

Kwanza nimseme mwenye kayaki mwenyewe. Mtu huyu umemjua miaka. Amezaliwa hapa, anavuka mkondo kila wiki, na hujapata kumsikia akitaja bahari ila kulalamika kuwa mashua imechelewa. Akinunua kayaki, wiki hiyohiyo anaanza kuikunjia macho bahari. Ukimwambia "Habari za asubuhi?" anakujibu "Maji yalikuwa mazuri." Hukumuuliza maji. Ukikutana naye sokoni anakuuliza, "Leo umetoka?" Nimetoka ndiyo, si unaniona sokoni? Hapana, anauliza kama umetoka baharini. Na simu yake ina programu ya upepo. Anaketi mita mbili kutoka kwa mzee aliyeendesha majahazi nusu ya umri wake, anaisoma simu, anatangaza kuwa kesho upepo utageuka. Mzee amekwisha kulijua hilo tangu juzi kwa kuangalia mawingu, lakini ni mtu wa adabu, anasema, "Mashallah, kumbe!"

Mzee huyo ndiye aliyemuuliza kijana mmoja bei ya kayaki yake. Kijana akaitaja. Mzee akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Injini i wapi?"

"Haina injini, mzee."

"Tanga?"

"Haina tanga."

"Basi umenunua nini?"

"Mazoezi, mzee. Unapiga kafi, unapata mazoezi."

Mzee akafikiri, akasema, "Mimi nimepiga kafi miaka sitini, na muda wote huo nilidhani ni umaskini."

Sasa tusiwe watu wa kucheka tu bila kujua tunachokicheka. Kayaki si kitu cha kuchezea kilichobuniwa na mtu wa hoteli. Asili yake ni kwa watu wa kaskazini kabisa mwa dunia, Wainuit, Waaleut na jirani zao, huko Greenland, Kanada na Alaska, ambako bahari yenyewe huganda. Miti hawana. Wanaokota magogo yaliyoletwa na maji, wanaongeza mifupa ya wanyama, wanafunga kiunzi kwa kamba za ngozi, kisha wanakivika ngozi ya sili, mnyama wa baharini, iliyoshonwa isipitishe tone. Mafundi, sikilizeni hapo: wanafunga na kushona, hakuna msumari. Mababu zetu wa pwani hii waliojenga mtepe walishona vilevile, mbao kwa kamba za nazi. Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja kwenye barafu, mwingine kwenye joto la Lamu, wote wakaamua kwamba chombo ni kitu cha kushona.

Tena wana vipimo vyetu. Greenland, kayaki ilipimwa kwa mwili wa mwenyewe. Urefu wake ulikuwa karibu pima tatu, yaani unyooshe mikono mara tatu. Upana ulitoka kwenye nyonga zake, na kina kwenye ngumi na vidole. Ilikuwa kama kanzu ya kushonesha: ya ndugu yako haikutoshi. Mwindaji aliingia, akajifunga nayo kiunoni kwa ngozi, na ikipinduka hakutoka. Alipiga kafi moja chini ya maji akaibuka upande wa pili, akaendelea kumfuata sili wake. Hakuwa na hiari, maana maji yale humuua mtu kwa baridi kabla hajafikiria kuogelea.

Leo kayaki inatoka kiwandani ndani ya kalibu, plastiki iliyoyeyushwa, zote sawa. Haijui kwamba wewe ni mtu wa biriani. Nimeshuhudia hapa kwenye ngazi za bahari mtu mzima mwenye heshima zake, simtaji, akiingia kwenye kayaki yenye tundu la kukalia. Mguu wa kwanza uliingia. Mguu wa pili ukaingia. Kisha akashuka, akafika katikati, akasimama, hashuki wala hapandi. Wavuvi wawili wakatoa ushauri, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuvuta, wakautekeleza kwa pamoja. Akaingia. Watu wakashangilia. Akapiga kafi mpaka karibu na Shela, akarudi mshindi, na hapo ndipo sote tulipokumbuka kuwa kutoka ni shughuli nyingine. Alitoka, alhamdulillahi, ila alitoka akiwa ameivaa, na kayaki ikapandishwa ngazi nusu ya safari ikiwa bado kiunoni mwake.

Baada ya hapo akanunua ile ya kukaa juu. Zile zilianza California miaka ya 1970, watu wa kuteleza mawimbini wakachonga mahali pa kukalia juu ya ubao. Ni za watu wazima. Ukipinduka, umeanguka tu, hujafungwa. Nawashauri wenye vyeo waanzie hapo.

Na mji huu, jamani, haukujengwa kwa ajili ya kayaki. Wazee wetu walijenga vichochoro vya punda wawili kupishana wakiwa na tabia njema. Kayaki ina mita tatu mpaka nne, na kilo 20 na ushei mpaka 30. Peke yako unaiweka begani. Mbele unaona, nyuma huoni, na nyuma ndiko kwenye matatizo. Kijana wa Mkomani alikuwa anaipeleka nyumbani, akaitikia salamu ya mtu. Akageuka vizuri, kwa adabu, kama alivyofunzwa. Mkia wa kayaki nao ukageuka, ukafagia meza ya muuza mabuyu, ukaingia kwenye mlango wa watu, ukasukuma pazia. Ndani wakasema, "Karibu."

Mwingine alikutana na punda wa kubeba mchanga wa ujenzi, watatu, wamefuatana. Yeye anasema "Simileni!" na mwenye punda anasema "Simileni!" Nani arudi? Sheria haijaandikwa, lakini punda hajui kwenda kinyumenyume, na akijua hakubali. Kijana alirudi nyuma kichochoro kizima, mkia wa kayaki ukimtangulia ukigonga kuta za watu kushoto na kulia, punda wa mbele akimsindikiza kwa pua. Alipofika njia panda, punda wakapita. Wa mwisho akasimama, akalamba kayaki. Ina chumvi.

Ikifika nyumbani inakaa wapi? Dakani. Daka la nyumba ya Lamu ni mahali pa kumpokea mgeni, barza za mawe huku na huku, wazee wakae wazungumze. Sasa lina kayaki. Mgeni anaikalia. Wiki ya kwanza mwenye nyumba anamwambia, "Tafadhali ami, hiyo si benchi." Wiki ya pili mama ameanika kanga juu yake. Wiki ya tatu paka wa mtaa ametafakari, ameona hapajapata kujengwa chumba cha uzazi bora kuliko lile tundu, na amezaa wanne. Najua nyumba ambako kayaki haikwenda baharini mwezi mzima kwa sababu ya paka. Mwenyewe alisema upepo haukuwa mzuri.

Lakini nilisema kuna jambo linanisumbua. Ni hili.

Chombo Lamu kimekuwa siku zote ni watu. Mashua ina nahodha, ina mabaharia, ina wa kushika tanga, wa kukumba maji, wa kupika chai, na ina wale wawili watatu ambao hawana kazi yoyote ila kueleza wenzao wanavyokosea. Hata kihori cha mtoto kina mdogo wake amekaa mbele analia. Ukiondoka na chombo, mtu wa gatini anauliza, "Pana nafasi?" Na nafasi ilikuwapo, hata kama haikuwapo.

Kayaki haina nafasi. Mwenyewe ni nahodha, mwenyewe ni baharia, mwenyewe abiria, mwenyewe mzigo. Tuna msemo kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sikudhani nitaishi nione chombo chenye nahodha mmoja tu, na baharia hana, na bado kinakwenda mrama. Na kikienda mrama amlaumu nani? Kwenye mashua kila kosa lina mwenyewe: wewe ulilegeza kamba, wewe ulilala. Ndani ya kayaki mtu anatazama huku na huku kutafuta wa kumkemea, anaona maji.

Tena, hana shahidi. Hili ndilo kubwa. Habari za baharini zilipatikana kwa mabishano. Nahodha anasema wimbi lilikuwa hivi, baharia anasema, "Usiongeze." Mwenye kayaki hakuna wa kumwambia usiongeze. Ametoka peke yake, amerudi peke yake, na akirudi amekutana na pomboo, amekutana na kasa mkubwa kuliko meza, amevutwa na nguru aliyeingia kwenye mshipi wake kutoka upande wa Shela mpaka karibu na Kipungani. Nguru yu wapi? Mshipi ulikatika. Shahidi? Anakutolea simu anakuonyesha picha: vidole vyake viwili vya miguu, na mbele ya vidole, bahari. Kila picha ya kayaki ni hiyo. Nimeona bahari nyingi, nimeona vidole vingi, nguru sijamwona. Mashua zetu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na mafundi. Mwenye kayaki hujipaka mwenyewe.

Nisije nikadhulumu. Wako wapiga kayaki ambao hata bila shahidi dunia imewakubali. Mwaka 1932 Mjerumani Oskar Speck, mtu asiye na kazi, alitoka mji wa Ulm na kayaki ya kukunja, zile za turubai na mpira juu ya kiunzi cha mbao, ambazo Wajerumani walikuwa wakizibeba ndani ya treni. Akashuka na mto Danube. Nia yake ilikuwa afike Saiprasi atafute kazi kwenye migodi ya shaba. Alipokaribia akaona mbona mikono bado ina nguvu, akaendelea. Akashuka na mto Furati mpaka Ghuba ya Uajemi, akafuata pwani ya Makran, njia ambayo majahazi yameijua tangu enzi za mababu, akaenda Bara Hindi, Burma, Indonesia. Aliingia maji ya Australia mwezi wa Septemba 1939. Miaka saba! Polisi waliokuwa ufukweni wakampongeza kwa kazi kubwa, kisha wakamkamata, kwa sababu wiki chache nyuma vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza na yeye ni Mjerumani. Akakaa kizuizini mpaka vita vikaisha. Ninyi mnaotoka kwenda Manda, wakati mnapiga kafi ulizeni kwanza habari za dunia.

Mwingine ni Mpolandi, Aleksander Doba. Huyu alivuka Atlantiki kwa kayaki mara tatu. Ya kwanza alitoka Senegal akafika Brazil, 2010 mpaka 2011. Ya tatu, mwaka 2017, alitoka Marekani akafika Ufaransa, na alikuwa na miaka 70. Sasa, naomba mama zetu wazibe masikio kidogo. Nguo zikiloa maji ya chumvi siku baada ya siku huchuna ngozi, na bwana huyu, kwa kuwa katikati ya Atlantiki hakuna majirani, akaona avue. Akavuka hivyo. Kijana mmoja hapa aliposikia habari hiyo akauliza kama ndiyo kanuni ya mchezo. Hapana mwanangu. Baina ya Lamu na Manda kuna majirani. Doba alikuja kufia huku kwetu Afrika Mashariki: Februari 2021, akiwa na miaka 74, alipanda Kilimanjaro, akafika kileleni, akaketi kupumzika, na hapo roho yake ikatoka. Mtu wa bahari kufia mlimani. Mungu ndiye ajuaye.

Turudi nyumbani, tumtaje wa hapa. Kijana mmoja alikwenda Takwa. Magofu ya Takwa mnayajua, kule Manda, mji ulioachwa karne ya 17, na njia ya kuufikia kwa chombo ni ule mkono wa maji unaopita mikokoni. Unapitika maji yakijaa. Mtoto wa miaka kumi wa hapa anajua hivyo. Na kijana alijua; alikuwa na jedwali la maji kwenye simu, lina rangi. Akaingia asubuhi na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, mikoko imezama mpaka kifuani, kayaki inateleza, ndege wanaruka. Uzuri huo sikatai. Akafika, akapiga picha vidole vyake na msikiti. Kisha akapiga tena kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli. Akala sambusa. Akalala kidogo chini ya mbuyu.

Maji ya bamvua yakiamua kwenda hayaagi. Alipoamka, mkono wa maji ulikuwa umebaki mfereji, na baada ya dakika kadhaa ukawa tope. Chombo kilichombeba asubuhi, adhuhuri akakibeba yeye. Tope la mikokoni unalijua: mguu unaingia mpaka goti, na unatoka bila kiatu. Akipiga hatua mbili, anaiweka kayaki, anarudi kutafuta ndara, anaipata moja, si jozi ya ile ya kwanza. Kaa wamesimama milangoni mwao wanamtazama.

Angeweza kurudi akatuambia alikaa Takwa kwa hiari, anatafakari historia. Na ndivyo alivyotuambia! Alituambia machweo kutokea Takwa hayana mfano. Ila kwa bahati yake mbaya, siku hiyo mikokoni kulikuwa na wakata boriti, wamekaa ndani ya mashua yao wakisubiri maji yarudi, wanakunywa chai, kama anavyosubiri mtu yeyote mwenye akili. Walimwona kuanzia hatua ya kwanza. Walimwita wampe chai, akawapungia mkono kuwa yuko sawa, anafanya mazoezi. Nimepata habari kutoka kwao, na wao wako watano na hadithi yao ni moja.

Sasa kuna watu walioona upweke huu ukawashinda, wakanunua kayaki ya viti viwili. Nawapa pole. Huko Ulaya na Marekani kayaki hiyo wameipa jina la utani, boti la talaka, na wao wamekuwa nayo muda mrefu kuliko sisi. Sababu ni ya kiufundi. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo wa kafi, na hamwoni wa nyuma. Wa nyuma ndiye anayeelekeza chombo, na lazima afuate mwendo wa aliye mbele, la sivyo makafi yanagongana. Sasa muweke mke mbele na mume nyuma. Mke anapiga kafi. Mume anasema, "Polepole." Mke anapunguza. Mume anasema, "Mbona tunarudi nyuma?" Na jambo ambalo wake zetu hawakulijua mpaka leo jioni, samahani mabwana, ni kwamba wa nyuma anaweza kuacha kabisa kupiga kafi, akaweka miguu juu, akawa anasema tu "Ndiyo hivyo, ndiyo hivyo, tuko vizuri," na wa mbele hatajua ila akigeuka, na akigeuka wanapinduka. Mwanamke mmoja, na yuko hapa na anacheka, alitambua kwa kivuli. Jua lilikuwa nyuma yao, kivuli kikaanguka mbele, akaona kafi moja linafanya kazi na jingine limelala. Hakusema neno. Alifika ufukweni, akashuka, akasema, "Asante kwa nauli," akaenda zake. Mabwana, tusimwongezee Kadhi kazi. Kaeni mbele nyinyi.

Mafundi wananitazama, najua wanangoja niseme la plastiki. Malalamiko yao nimeyasikia. Kayaki haitaki mbao, haitaki kalafati ya kuziba nyufa, haitaki deheni ya kupaka, haipandishwi pwani kwa watu ishirini na wimbo. Mwenyewe anaimwagia maji ya mferejini, amemaliza. Ikipasuka haina wa kuipeleka. Haya. Lakini mtu wa Lamu akisema plastiki si ya kuundia vyombo, mkumbushe kuwa hapa hapa, tarehe 15 Septemba 2018, ilitiwa baharini Flipflopi, jahazi lililoundwa na fundi wetu Ali Skanda na wenzake kwa takataka za plastiki, tani karibu 10, na kuvikwa ndara kuukuu 30,000 zilizookotwa. Mwaka uliofuata likaenda mpaka Zanzibar. Waliyeyusha plastiki wakatoa mbao zake, wakazichonga kwa shoka na tezo. Kwa hiyo fundi anayejua kuunda jahazi kwa makopo ya mafuta hawezi kuniambia ufa wa kayaki umemshinda. Ni kwamba hajaitwa kwa heshima, na hajatajiwa bei.

Nina la kusema bila mzaha, dakika mbili tu.

Kayaki iko chini sana majini. Dereva wa spidiboti anayekuja kutoka Mokowe mbio, jua likiwa usoni mwake, hakuoni wewe, anaona wimbi. Nunueni za rangi kali, nyekundu, manjano, machungwa. Ya buluu inapendeza dukani, baharini inakufuta. Laifujaketi ivaeni majini pia, si kwenye vikao tu. Na mtokapo, tokeni mkiupinga upepo, ili wakati mikono imechoka ndio uwarudishe. Wengi hufanya kinyume. Wanatoka upepo mgongoni, wanaona wamekuwa mabingwa, wanafika mbali, wakigeuka wanakutana na ule upepo waliokuwa wakiutumia bure. Kusi ikichacha, Juni na Julai, mdomo wa Shela si mahali pa chombo cha pima mbili, niwe nimesema mbele ya mashahidi. Na mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi lini. Mtu yeyote. Hata yule mzee wa kahawa. Atakucheka, lakini maji yakipwa na hujarudi, yeye ndiye atakayekuja na mashua.

Sasa maswali, kwa ufupi, Magharibi imekaribia.

Bibi yangu pale anauliza ikizama je. Haizami, bibi, ina hewa ndani. Anayezama ni mwenyewe. Ndiyo, ndiyo maana nimesema laifujaketi.

Kijana anauliza kama ataruhusiwa kushindana siku ya mashindano ya mashua. Ndugu, mashua zikikata upepo utakuwa umebaki wewe na programu yako. Shindaneni na vihori kwanza. Watoto wa Wiyoni wapo, na hawajali.

Fundi wa Matondoni. Naam, simama, sauti ipande. Anauliza kama inakubali mlingoti. Inakubali, ami. Zile kayaki za kukunja za Wajerumani zilifungwa tanga tangu zamani, na mmoja wao, Franz Romer, alivuka nayo Atlantiki mwaka 1928. Anasema basi yeye atatia mlingoti, tanga dogo, na mrengu upande mmoja, kama wa ngalawa, isipinduke. Na ubao wa kukalia wa pili. Na wa tatu. Fundi, kwa kiasi hicho itabaki kayaki kweli? Anasema hilo si swali la fundi. Ametaja na bei, nyinyi mmeisikia, mwenye kayaki ameshika kifua. Mtamalizana, anzeni na nusu yake.

Tangazo la mwisho kabla ya adhana. Kuna kayaki tatu zimefungwa kwenye ngazi za gati, mbili za manjano na moja ya buluu. Maji yanajaa na mashua ya Mokowe inataka kushusha abiria. Nahodha anasema amekwisha kuita mara mbili, na mara ya tatu ataanza kuwashusha juu yake.